Sura ya Nne: Mfuga Nyuki na Wenziwe

Miongoni mwa kazi ambazo binadamu amejifunza tangu zama za kale, ufugaji wa nyuki una ajabu moja, nayo ni kwamba mwalimu wake wa kwanza hasemi, hangoji, wala hasamehe. Na mwanafunzi wake, hata akijaliwa akili nyingi na subira ya kupindukia, akikaa na mizinga yake peke yake umri mzima pasipo kumsikiliza mfugaji mwingine wala kusikilizwa naye, atakufa hali amejua nusu ya mambo. Sababu ya jambo hili haitokani na upungufu wa bidii bali na hali ya kazi yenyewe. Mkulima huuona muhindi wake tangu unapochipua hata unapobeba. Mchungaji humshika ng'ombe wake akamkama, akamtibu, akamzalisha. Lakini mfuga nyuki hufuga kiumbe asiyelala katika boma la mtu, achumaye katika mashamba na misitu ya watu asiowajua, apandwaye angani mbali na macho ya bwana wake, na afanyaye kazi zake kubwa gizani, ndani ya chombo ambacho kila kifunguliwapo hubadili mwenendo wa waliomo.

Sura zilizotangulia zimeeleza habari za mizinga, masega na majira ya kurina. Sura hii ina muradi mwingine: kutazama jinsi ilimu ya nyuki inavyopatikana na jinsi inavyotoka kwa mtu mmoja kumwendea mwingine, na kubainisha kwamba hatua zake kubwa zilipigwa pale ambapo watu wawili au zaidi walikubali kuambiana walichokiona, na kuulizana juu yake, na kukanushana bila ya kugombana.

Tuanze na mkono, maana ndipo kazi hii ilipoanza na ndipo inapoanza hata leo. Katika nchi ya miombo, kutoka Tabora na Sikonge hata Mpanda kwa upande mmoja na Manyoni kwa upande wa pili, kijana aghalabu hakufundishwa ufugaji kwa kuketishwa chini na kusomewa, bali kwa kufuatana na baba yake au mjomba wake porini, amebeba kamba, kibuyu cha maji na unga wa safari. Kazi yake mwanzoni ilikuwa kubeba na kutazama. Alitazama jinsi gome linavyobanduliwa katika mti wakati wa utomvu kupanda, ambapo huachia bila ya kupasuka, na jinsi linavyopigwa pini za vijiti na kuzibwa pande mbili likawa mzinga. Alitazama jinsi mzee anavyosugua nta kuukuu ndani yake ili harufu iwaite nyuki watafutao makao. Alitazama pia jinsi anavyouchagua mti wa kutundika, akizingatia umbali wa maji, kivuli cha alasiri, njia za siafu, na nyayo za nyegere, ambaye kwa mzinga ulio karibu na ardhi ni mwizi asiyekosa. Mwana wa mhunzi, walisema wahenga, asiposana huvukuta. Na mwana wa mrina asali, kabla ya kukabidhiwa mwenge, alishika kamba.

Njia hii ya kufundisha ina fadhila ambazo kitabu hakina. Kitabu hakiwezi kumfundisha mtu uzito wa sega lililoiva, wala tofauti ya mvumo wa nyuki waliotulia na mvumo wa nyuki walioghadhibika, wala ule utaratibu wa vidole ambao humwezesha fundi kuinua sega lenye majana na kulirudisha pasipo kuponda hata nyuki mmoja. Hayo huingia mwilini kwa kukaa karibu na ajuaye. Hata hivyo mkono huyapokea mambo bila ya sababu zake, na katika moshi jambo hili liko bayana. Kila mzee wa porini anajua kwamba moshi hupulizwa mlangoni kwanza, kisha mtu hungoja kidogo, ndipo afungue. Na kwamba aliyechomwa hukwangua mwiba papo hapo akapafukiza pahali palipochomwa. Sababu yake ilijulikana baadaye na kwa watu wengine: mwiba wa nyuki kazi una vijino vinavyoushikilia katika ngozi, ukabaki pamoja na mfuko wake wa sumu unaoendelea kusukuma, na kutoka hapo hupanda harufu inayofanana na ya ndizi mbivu, iwaitayo wenziwe waje wachome papo hapo. Moshi huifunika harufu hiyo, na tena huwafanya nyuki waharakie kujaza matumbo yao asali. Mtu aliyejua desturi peke yake atapuliza moshi kama alivyoona. Lakini aliyejua na sababu ataelewa pia kwamba nguo iliyochomwa miiba mingi jana si salama kuvaliwa mzingani leo kabla ya kufuliwa, jambo ambalo huenda mzee wake hakulitaja kamwe, kwa kuwa hakuwa na nguo ya kazi.

Kuna fundisho lingine la porini ambalo lastahili kuelezwa kwa urefu, kwa maana mwanafunzi wake si mtu tu bali ni ndege pia. Mwishoni mwa karne ya 16, padri mmoja wa Kireno, João dos Santos, alipokuwa akikaa Sofala, aliona ndege wadogo wakiingia kanisani kudonoa nta ya mishumaa. Naye akaandika katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1609 kwamba ndege hao huwaongoza watu mpaka palipo na nyuki, ili watu wakichukua asali, wao wapate nta. Ndege huyo ni mlembe, na mapatano yake na binadamu yangali yakiendelea. Mwaka 2016, wataalamu waliofanya kazi pamoja na Wayao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, walitangaza kwamba mrina asali akitoa mlio maalumu ambao Wayao hurithi kwa baba zao, nafasi ya kuongozwa na mlembe hupanda kutoka asilimia 33 hadi 66, na nafasi ya kuupata mzinga wa mwitu hupanda kutoka asilimia 17 hadi 54. Mwaka 2023 wakaongeza jambo la kustaajabisha zaidi: Wahadzabe walio karibu na Ziwa Eyasi humwita mlembe kwa mluzi, si kwa mlio wa Kiyao, na mlembe wa kila nchi huitikia wito wa watu wa nchi yake kuliko wito wa wageni. Basi tukumbuke kwamba mlembe hutaga katika viota vya ndege wengine na wala halei makinda yake. Kwa hiyo wito wa mahali hawezi kuwa amefundishwa na mama yake. Yaelekea amejifunza kwa kuwa pamoja na warina asali. Wana wakiacha kuufuata mlio wa baba zao, ndege naye hana wa kumfuata, na maarifa yaliyokaa kati ya jamii mbili za viumbe kwa muda usiojulikana yatapotea kwa pande zote mbili.

Lakini mkono una mpaka wake, na ni wajibu kuueleza bila ya kuwavunjia wazee heshima. Mkono hupokeza kosa kwa uaminifu ule ule upokezao ukweli. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya, walioishi na nyuki kwa karibu sana, waliamini kwamba mtawala wa mzinga ni mfalme mume. Aristotle, aliyekuwa mtazamaji hodari hata akatambua kwamba nyuki katika safari moja hushikamana na maua ya aina moja, aliwaita viongozi hao wafalme. Na waliokuja baada yake wakaitika. Mwaka 1609, mwaka ule ule kilipotoka kitabu cha padri wa Sofala, Charles Butler wa Uingereza alichapisha kitabu akasema dhahiri kwamba mfalme huyo ni mke. Baadaye katika karne hiyo Jan Swammerdam wa Uholanzi alimpasua malkia chini ya hadubini akaona mayai yake. Hata hapo swali la namna malkia anavyopata mimba lilibaki, na kila mfugaji alikuwa na jawabu lake la kurithi ambalo hakuwahi kulipima kwa jawabu la jirani yake.

Mabadiliko yaliingia watu walipoanza kukutana kwa makusudi. Mwaka 1766, katika nchi ya Lusatia ya Juu, Ujerumani, mchungaji wa kanisa la kijijini aliyeitwa Adam Gottlob Schirach alianzisha chama cha wafuga nyuki, ambacho shughuli yake ilikuwa kuambiana na kujaribiana mambo. Schirach alidai kwamba nyuki waliofiwa na malkia, wakiachiwa sega lenye majana machanga ya nyuki kazi, humchagua mmoja miongoni mwa majana hao wakamlea akawa malkia. Habari hiyo ilikuwa kinyume cha yote yaliyoaminiwa, na Charles Bonnet, mwanachuoni wa Geneva, aliitilia shaka. Ila hakuicheka akaiacha, bali aliandikiana na watu wa chama kile, akiuliza, wakijibu. Karibu na miaka hiyo hiyo, katika mji wa Vienna, malkia Maria Theresa alifungua skuli ya ufugaji nyuki, na mwalimu wake wa kwanza akawa Anton Janša, mtoto wa wakulima wa Carniola aliyekwenda mjini kusoma uchoraji. Janša aliandika kwamba malkia hupandwa na madume nje ya mzinga. Na siku ya tarehe 20 Mei, ambayo leo ni Siku ya Nyuki Duniani, imewekwa kwa kumbukumbu yake.

Mwenye kuyatia mambo haya muhuri wa hakika alikuwa mtu ambaye kwa hesabu ya kawaida asingaliweza kuona kitu. François Huber wa Geneva, aliyezaliwa mwaka 1750, alianza kupoteza nuru ya macho yake katika ujana. Alikuwa na mtumishi aitwaye François Burnens, kijana wa shamba, aliyekuwa akimsomea vitabu. Na katika kusomewa habari za wadudu, Huber alipata shauku ya kujua kama yaliyoandikwa ni kweli. Basi Huber akauliza na Burnens akatazama. Walitengeneza mzinga wa sega moja moja uliofunguka kama kurasa za kitabu, ili pasiwe na pembe ya giza. Burnens alipoeleza alichokiona, Huber humrudishia swali lile lile kwa namna nyingine, na siku nyingine humtaka atazame upya, mpaka awe hana shaka. Walipotaka kujua ni nyuki gani katika mizinga miwili watagao mayai pasipo malkia, Burnens aliwashika nyuki wote wa mizinga hiyo mmoja baada ya mmoja, akawakagua kwa muda wa siku 11, hali akichomwa. Kwa njia hiyo walithibitisha kwamba malkia hupandwa akiwa angani, na mengine mengi, ambayo Huber aliyatoa katika kitabu mwaka 1792, kwa sura ya barua alizomwandikia Bonnet.

Watu wengi hukisoma kisa hiki wakamsifu kipofu kwa ushujaa wake, na sifa hiyo ni haki. Mimi naona ndani yake somo jingine. Mtu mwenye macho, akitazama peke yake, huona na kufikiri kwa pamoja, na mara nyingi hajui wapi aliacha kuona na wapi alianza kudhani. Huber hakuweza kuchanganya mambo hayo mawili, kwa kuwa macho yalikuwa ya mwingine. Kila kilichoonekana kilipaswa kusemwa, na kila kilichosemwa kilipaswa kustahimili swali. Burnens naye hakuweza kupitisha jambo juu juu, kwa kuwa alijua ataulizwa. Upungufu wa mmoja uliwalazimisha wote wawili kuwa na adabu ambayo wafugaji wenye macho manne hawakuwa nayo. Burnens alipoondoka, mke wa Huber, Marie-Aimée Lullin, na mwanawe Pierre waliishika kazi hiyo, na kitabu kikatoka upya, kikiwa kikubwa zaidi, mwaka 1814.

Kutoka Geneva mnyororo huo ulivuka bahari. Lorenzo Langstroth, mchungaji wa kanisa huko Marekani, alimsoma Huber, akajitengenezea mzinga wake wa kurasa, akajionea kwamba masega yaweza kutolewa pasipo kuwakasirisha nyuki. Mwaka 1851, huko Philadelphia, alitambua kwamba nafasi ya kiasi cha milimita 6 hadi 9 nyuki huiacha wazi iwe njia yao: ikipungua huiziba kwa gundi yao, ikizidi huijenga sega. Kwa kuzungusha nafasi hiyo pande zote za fremu, alipata mzinga ambao kila sega lake hutoka na kurudi pasipo kukatwa. Alichukua hataza ya mzinga huo mwaka 1852, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu. Hataza ilimletea mashauri na pato dogo, maana watu waliiiga bila ya kumlipa. Kitabu kiliizunguka dunia. Kisha Johannes Mehring wa Ujerumani akatengeneza mwaka 1857 karatasi za nta zenye alama za vyumba, na mwaka 1865 Franz Hruschka akaonyesha mashine ya kuzungusha masega ili asali itoke na sega libaki zima. Fremu pasipo mashine ni nusu ya faida, na mashine pasipo fremu ni chuma tu. Waliovumbua vitu hivi walikaa mbali mbali, na kilichowaunganisha ni kwamba kila mmoja aliyatangaza aliyoyapata.

Ilimu hiyo ilipofika Afrika ilifika na kasoro, na kasoro yenyewe yafunza. Vitabu vya Ulaya viliandikwa juu ya nyuki ambaye adui yake mkubwa ni baridi, na ambaye kwa sababu hiyo huweka akiba kubwa akabaki nyumbani mwake. Nyuki wa nyika zetu adui zake ni kiangazi, moto wa pori, na wanyama wenye kubomoa. Dawa yake ni kuhama. Ukimsumbua ovyo, au maua yakikatika, huondoka kundi zima akakuachia masega matupu. Hata vipimo si vile vile: nyuki wa Ulaya hupanga masega yake kwa nafasi ya kiasi cha milimita 35 kutoka kati ya sega moja mpaka kati ya jingine, na nyuki wetu kiasi cha milimita 32, tofauti ambayo kwa macho ni ndogo lakini kwa nyuki yatosha kuwafanya wajenge masega ya upogo yasiyoinuka. Francis G. Smith, aliyefanya kazi katika idara ya nyuki ya Tanganyika, alikuwa miongoni mwa waliotambua kwamba nchi za joto zahitaji vitabu vyake zenyewe. Alitoa kimoja mwaka 1960, na mwaka 1961 akaeleza tofauti za nyuki wa mwambao na nyuki wa milimani na kuwapa majina ya kitaalamu. Katika miaka ya 1970, huko Kenya, ulitengenezwa kwa msaada wa Wakanada mzinga wa viunzi vya juu, ulio rahisi kwa seremala wa kijijini, ambao vipimo vyake vilifuata nyuki wa Afrika.

Ushahidi mkubwa zaidi wa jambo hili hata hivyo uko Brazili. Mwaka 1956, Warwick Kerr aliwapeleka huko malkia kutoka Afrika, wengi wao wa Afrika Kusini, akitumaini kupata mbegu iyafaayo mazingira ya joto. Na mwaka 1957 makundi 26 yalitoroka karibu na mji wa Rio Claro. Kizazi chao kilienea bara zima, hata kikafika Texas mwaka 1990. Wafugaji wa Brazili waliozoea nyuki wapole wa Ulaya walishikwa na hofu. Wengi waliiacha kazi. Waliobaki walipaswa kujifunza upya tangu alifu: kuitenga mizinga mbali na nyumba na mifugo, kuweka kila mzinga juu ya kiguzo chake ili kufungua mmoja kusiwatikise majirani, kuvaa nguo nyeupe, kutumia bomba la moshi kubwa zaidi, na kuzalisha kutoka kwa malkia ambao watoto wao ni wapole. Hapakuwa na kitabu kilichokuwa na hayo yote. Yalikusanywa kutoka kwa watu wengi, kipande kwa kipande, kwa mikutano na kutembeleana. Leo Brazili ni miongoni mwa nchi ziuzazo asali nyingi nje, na nyuki wake ni wale wale walioogopwa. Sehemu ya somo walilolipata kwa uchungu ilikuwa imekwisha kujulikana na warina asali wa Afrika, ambao tangu zamani hutundika mizinga mbali na makazi na huifungua usiku. Ila hapakuwa na njia ya kuwafikishia.

Sasa turudi kwa mfugaji wa leo, tumwulize faida ya haya yote katika manzuki yake. Tufanye kwamba ana mizinga kumi, na mwaka huu saba ni mitupu. Akiwa peke yake, sababu zote zinalingana mbele yake: pengine ni ukame, pengine ni mti mbaya, pengine nta ya chambo ilikuwa kuukuu mno, pengine ni jicho la hasidi. Hana namna ya kuamua, kwa kuwa mwaka ni mmoja na yeye ni mmoja. Lakini ikiwa majirani zake watano wameandika katika madaftari yao tarehe mti wa mtundu ulipochanua, tarehe nyuki walipoingia, na mizinga mingapi ilishika, basi swali hupata jawabu kwa jioni moja. Mitupu ikiwa kwa wote, sababu ni mvua; ikiwa kwake tu, sababu iko katika mizinga yake au katika mahali pake; ikiwa kwa walio upande wa mashamba ya tumbaku na pamba tu, yafaa waulize juu ya dawa zinazonyunyizwa huko. Kulinganisha huku hakuhitaji chuo kikuu. Kunahitaji kalamu, ukweli, na watu waliozoea kukutana kabla ya msimu na baada yake.

Huenda mtu akasema kwamba kumfundisha jirani ni wema, na wema ni wa hiari. Katika kazi nyingine neno hilo lingekuwa na nguvu. Katika hii ni dhaifu, kwa sababu nyuki hawana mpaka. Malkia wako hupandwa angani na madume kumi na kuzidi, ambao wengi wametoka katika mizinga usiyoimiliki. Kwa hiyo ukali au upole wa nyuki wako hutegemea nusu yake jinsi majirani wanavyochagua. Nyuki kazi huenda kilomita mbili, tatu, na wakati wa dhiki hata zaidi. Wakikuta mzinga wa jirani umedhoofika kwa maradhi, huingia kuiba asali, wakarudi nayo pamoja na ugonjwa. Uko uozo wa majana ambao mbegu zake hukaa hai katika masega makuukuu kwa miongo ya miaka. Majana aliyeoza, akichokolewa kwa kijiti, hutoa uzi wa ute. Mfugaji anayeijua alama hiyo asipomwambia jirani yake, amejiwekea hasara yeye mwenyewe. Mwaka 2009 ilithibitishwa kwamba utitiri wa varoa, ulioteketeza nyuki wa Ulaya na Marekani, umeingia Kenya. Na jambo la kushukuru ni kwamba nyuki wetu wameonyesha kuustahimili kwa kiasi kikubwa pasipo dawa. Hiyo nayo ni habari ya kusambazwa, ili wauza dawa wasiwatoze watu gharama ya tiba isiyohitajika na kutia sumu katika nta iliyokuwa safi.

Soko nalo ni la shirika. Asali iliyorinwa kabla ya nyuki kuifunika kwa nta ina maji mengi, na ikizidi asilimia 20 ya maji huchacha. Iliyokamuliwa pamoja na majana huharibika, na iliyovunwa kwa mwenge hunuka moshi. Mnunuzi akiipata ya namna hiyo mara moja, hamlaumu mtu asiyemjua jina, bali hushusha bei ya asali ya wilaya nzima. Kwa hiyo wafugaji wa Tabora walipojiunga katika ushirika mnamo miaka ya 1960, faida yao haikuwa mizani na magari peke yake. Ilikuwa pia haki ya mwanachama kumwambia mwenziwe kwamba ndoo yake haifai, na kumwonyesha kwa nini.

Siri hata hivyo zipo, na sio zote za choyo. Mfugaji anayeficha pahali alipotundika mizinga yake anajihadhari na wezi, na hapana haki ya kumlaumu. Lakini yafaa kutenga siri ya mahali na siri ya namna. Ile ya kwanza hulinda mali. Ile ya pili, aghalabu, hulinda sifa ya mtu kuwa fundi pekee, na gharama yake hulipwa na wengine. Wapo wazee waliokwenda kaburini na ujuzi wa miti na majira ambao hakuna aliyeuandika, kwa kuwa vijana waliona haya kuuliza, na wazee waliona haya kusema pasipo kuulizwa.

Ndiyo maana kuambiana nako kuna kanuni zake. Ya kwanza ni kutaja mahali na majira, kwa maana lililo kweli Kibondo laweza kuwa uongo Pemba. Ya pili ni kutenga lililoonekana na lililodhaniwa, kwa mfano wa Huber na Burnens. Ya tatu ni kusimulia hasara kwa urefu ule ule wa kusimulia mavuno, kwa kuwa mizinga iliyokufa hufundisha zaidi kuliko iliyojaa, na ndiyo inayofichwa. Ya nne ni kumsikiliza asiyetarajiwa. Zamani kazi ya kupanda miti iliwaacha wanawake nje ya ufugaji. Mizinga ya kisasa iliyowekwa chini imewaingiza wengi, nao wameingia bila ya mazoea ya zamani, wakiuliza maswali ambayo wazoefu waliyaacha. Chuo cha Ufugaji Nyuki cha Tabora hufundisha vijana kwa vitabu na kwa mizinga. Na serikali ya Tanzania iliweka Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki mwaka 1998 na Sheria ya Ufugaji Nyuki mwaka 2002. Lakini bwana nyuki mmoja hawezi kuzunguka vijiji vyote vya wilaya, na mafunzo ya siku chache, yakikosa wenzi wa kuyaendeleza, hufifia kabla ya maua ya pili.

Anayekusudia kuianza kazi hii huuliza kwanza anunue mizinga mingapi, ya mbao gani, kwa bei gani. Maswali hayo yana majawabu yake, nayo yamo katika kitabu hiki. Ila kabla ya hayo ajiulize mawili: ni nani atakayemfungulia mzinga wake amtazame akifanya kazi, na ni nani ambaye yeye mwenyewe atamfungulia wake, hata siku ambayo masega yameingiwa na nondo na hakuna cha kujivunia. Akiwapata watu hao wawili, aanze hata kwa mzinga mmoja wa gogo. Asipowapata, awatafute kwanza, na fedha ya mizinga aiweke.